Ruta nzima, lakini lile duka la Kisumu silisamehe

Sikupanga kuandika haya, lakini kila nikikumbuka maneno ya yule kijana damu inanichemka.

Ninafundisha mitandao ya kompyuta hapa Kondele, Kisumu. Wanafunzi 6, na mezani ruta moja kuukuu ya kampuni ya Cisco, kifaa cha kuunganisha mitandao. Juzijuzi nikanunua ya pili, Huawei iliyotumika, kwenye duka moja la vifaa vya kompyuta mjini. Nilimuuliza muuzaji, yule kijana, waziwazi: hii itaongea na Cisco kwa laini ya siriali, ile inayopitisha data biti moja baada ya nyingine? "Madam, ruta ni ruta."

Tukaunganisha kebo za V.35, aina ya kebo za siriali. Taa zikawaka. Kwenye skrini, laini iko juu, itifaki iko chini: waya umeshika, lakini ruta hazielewani. Tukabadilisha kebo, tukahakikisha upande wa DCE, yaani ule unaopanga mwendo wa data, unatoa mapigo ya saa, tukaandika anwani upya. Wapi! Nikapanda boda hadi dukani nimeipakata kama mtoto. Kijana alikuwa anamenya njugu, hata mkono hakunyoosha kuipokea. Mbele ya wateja akasema, "Nyinyi wamama mnaharibu vitu halafu mnaturudishia. Hiyo imekufa, na pesa hairudi."

Imekufa! Hakuiwasha hata dakika moja.

Usiku sikulala. Kumbe Cisco, usipogusa mipangilio yake, hufunga data ya siriali kwa HDLC (kanuni ya kufungasha data) yake yenyewe, iliyoongezewa sehemu ya kutaja itifaki iliyobebwa ndani. HDLC ya ISO, shirika la kimataifa la viwango, haina sehemu hiyo. Huawei nayo huanza na PPP, kanuni nyingine ya kufungasha. Kila moja ilikuwa ikipokea fremu (vifurushi vya data) za mwenzake na kuzitupa. Nikaigeuza Cisco iwe PPP, amri moja tu kwenye kiolesura, yaani tundu la siriali. Baada ya sekunde chache itifaki ikapanda. Nikapiga pingi, jaribio la kuona kama ruta ya pili inajibu; alama 5 za mshangao, kila moja jibu moja, zikajipanga kwenye skrini, na mimi peke yangu sebuleni nikapiga kigelegele.

Kwa hiyo ruta naipa nyota zote, haijasumbua tangu siku hiyo. Duka nilitaka kulipatia nyota 2, maana bei ilikuwa ya haki na mzigo haukuwa na kasoro. Lakini nilipopita kumweleza yule kijana kilichokuwa kinasumbua, ili asimsumbue mwalimu mwingine, akacheka: "Si nilikuambia ruta ni ruta?"

Hapana. Nyota 1. Nauli mbili, somo la siku nzima limepotea, wanafunzi wamerudi makwao wakidhani mwalimu wao ameuziwa chuma chakavu, na hata pole sikuambiwa.