Celsior ya VIP: Tairi Limelala Hivi Kwa Nini?

Wadau wangu, karibuni tena. Leo niko Osaka, na usiondoke, maana gari lililo nyuma yangu nimelitamani miaka mingi. Toyota Celsior, toleo la mwisho, lile la 2000 hadi 2006, limetengenezwa kwa mtindo wa VIP, yaani sedani kubwa ya kifahari iliyoshushwa chini na kupambwa ionekane ya bosi. V8, lita 4.3, huko nje ndiyo Lexus LS430. Hayo mnayajua, twende.

Kamera shuka. Shuka mpaka chini kabisa. Mnaliona tairi la nyuma? Juu limeingia ndani ya madigadi, chini limetoka nje. Wenyewe huku wanaita onikyan. Napitisha kidole kati ya madigadi na rimu... hakipiti! Sasa mwenye gari anabonyeza swichi. Sikieni hiyo hewa. Linapanda, linapanda, hapo linaweza kutembea. Bonyeza tena kaka. Linashuka... linashuka... haya! Sketi ya pembeni imegusa lami. Rudia, kaka, waone tena. Jamani! Hii saspensheni ya hewa ndiyo roho ya VIP. Gari la mkubwa halirukiruki, linaketi.

Ila kulaza tairi kiasi hiki, hapana. Njoo uone upande wa ndani: umelika, karibu nyuzi zitokeze, na upande wa nje meno yote yapo. Sehemu inayoshika barabara ni ukanda mwembamba tu. Mvua ikinyesha utafunga breki kwa kitu gani? Na ukaguzi wa huku, shaken, unataka gari liwe juu angalau sentimita 9 kutoka ardhini. Kulaza kidogo ili rimu pana iingie, sawa, nakubali, inapendeza. Hapa wamezidisha.

Lakini ukijua mtindo huu wa VIP ulikotoka utaelewa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Japani ilikuwa inaogelea kwenye pesa. Nissan wakatoa Cima, sedani ya kifahari, 1988, watu wakaigombania. Toyota wakajibu 1989 na Celsior ya kwanza. Hapa Osaka wanasimulia kwamba vijana wa mbio za usiku, kwenye barabara ya juu ya Hanshin, walichoka kuandamwa na polisi, wakahamia sedani za wazee. Yakuza nao, yaani magenge ya wahalifu wa Japani, waliozoea Mercedes, wakaona sedani ya nyumbani haivuti macho. Vijana wakauchukua mwonekano ule wa bosi: nyeusi au nyeupe, mapazia dirisha la nyuma, siti pana. Ndiyo maana huoni bawa refu kwenye buti kama magari ya bosozoku, yale magenge ya vijana wa fujo barabarani. Wale wanataka kelele, hawa wanataka heshima.

Ingia ndani. Hiki kishada kinachoning'inia kwenye kioo ni fusa, Junction Produce, kampuni ya vipambo vya magari ya VIP, ndio waliokipa umaarufu. Fundo na nyuzi zake ni za asili ile ile ya mapambo ya mahekalu. Wanakiweka kwa baraka. Mie nakipenda kuliko rimu zenyewe, na gari lolote la Mjerumani ulilete hapa halina kitu kama hiki.

Kuna wanaoniuliza kila siku kuhusu bei. Gari lenyewe kwa umri huu si ghali mnadani. Rimu, hewa na kazi ya bodi ndivyo vinavyomaliza pesa. Na nyie wa Dar na Nairobi wenye Crown, nawaona mnavyokata springi. Acheni! Springi iliyokatwa inaweza kuhama mahali pake ukipita tuta, na shokapu inakufa mapema. Weka hewa, unapofika kwenye tuta unainua, ukipaki unalaza. Huna pesa ya hewa? Anza na rimu, gari libaki na urefu wake.

Wiki ijayo ni Cima, mwenyewe amekubali niiendeshe. Bonyeza kengele, na kama una Crown uliyoitengeneza hivi, tuma picha, nitazichambua zote kwenye video ya Jumamosi.