Buku tano ya kuangalia nyota Kibirizi, nawapa mrejesho

Aisee wadau wa Kigoma, juzi Jumamosi nilienda na wife kwenye ile huduma ya darubini pale ufukweni upande wa Kibirizi, buku tano kwa kichwa, chai ya tangawizi humohumo. Nianze na lawama. Bango limeandikwa NJOO UONE SUPANOVA, yaani nyota inayolipuka, supanova hatukuiona na jamaa mwenye darubini anajua fika hawezi kutuonesha, nyota hailipuki kwa kufuata bango lako kaka.

Ila nimerudi nyumbani nikakosa usingizi. Mida ya saa tatu akaigeuza darubini kusini, nikaona kaukungu kadogo, kumbe ni galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, inaitwa Centaurus A, kama miaka ya nuru milioni 12 toka hapa (mwanga wake unasafiri miaka yote hiyo kutufikia), ina mkanda wa vumbi umeikata katikati (mimi mkanda niliukisia tu, wife anaapa kauona). Mwaka 1986 humo ililipuka supanova ya aina ya Ia, ile ya nyota kibete nyeupe, yaani kiini kidogo kilichobaki cha nyota iliyokufa, ambazo zikilipuka mwanga wake unakaribiana sana. Afu jamaa akatuambia tugeuke tutazame ziwani.

Si mnazijua taa za wavuvi wa dagaa usiku? Akasema kama taa zote ni za aina moja, inayofifia ndo iko mbali. Sasa nguvu ya taa utaijuaje? Unaanza na mtumbwi wa karibu ambao umbali wake umeupata kwa njia nyingine. Ndo kazi ya supanova za jirani hiyo, na ndo zilizowafundisha wanaastronomia kwamba inayozima polepole huwa inawaka zaidi, na kwamba vumbi linadanganya, kama hiyo ya 1986 ilikaa nyuma ya vumbi ikaonekana nyekundu na hafifu, sawa na taa ndani ya moshi wa mioto yetu ya kiangazi, unadhani iko Kongo kumbe iko hapo tu. Mwaka 1998 timu mbili zikalinganisha za mbali na za karibu, za mbali zikawa hafifu kuliko walivyotegemea, yaani ziko mbali zaidi ya walivyodhani, maana yake ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka, kinachousukuma wakakiita nishati ya giza na 2011 wakabeba Nobel.

Hapo mzee mmoja mvuvi wa zamani, alikuwa kimya muda wote, akauliza, "Mwanangu, na kama taa za zamani hazikuwa na nguvu kama hizi za sola?" Jamaa akacheka akamwambia shikamoo mzee, hilo ndo swali lenyewe, mwanga wa mbali umetoka zamani sana na huenda nyota za enzi hizo zililipuka tofauti kidogo, ndo maana wanazitafuta za jirani nyingi, kwenye galaksi changa na kongwe, wapime kama zinatofautiana. Mimi kwa swali lile tu hela yangu ilirudi.

Mapungufu: viti vya plastiki vitatu vimevunjika miguu, mbu wa kutosha, na foleni ya kuchungulia ni ndefu mno, watu kumi na tano darubini moja jamani. Msiende mbalamwezi, anga linakuwa jeupe na wavuvi nao hawaingii ziwani, kwahiyo taa za mfano nazo hamna. Nampa nne kati ya tano, ya tano akibadilisha bango.