Kizungushio cha mbao cha utepe wa kwilti: nilichokiona baada ya kwilti tisa

Gurudumu la kiti ndilo lililonifanya nitafute kizungushio, yaani kibiringo cha kuviringishia utepe wa kufunika ukingo wa kwilti ili utoke taratibu unaposhona. Nilikuwa nimefika kona ya tatu ya kwilti, lile blanketi la tabaka za kitambaa zilizoshonwa pamoja, sindano imezama kwenye kitambaa, nikasogea nyuma kidogo tu ili niigeuze kazi. Utepe ukakaza. Nikadhani umenasa kwenye pembe ya meza, nikauvuta. Kumbe mita nzima ilikuwa imejiviringisha kwenye gurudumu dogo la kiti changu, ikapakwa grisi nyeusi ambayo hakuna sabuni iliyoitoa. Nilikata kipande kile, nikaunga kingine katikati ya upande, na mpaka leo nikiitazama kwilti ile jicho huenda pale pale kabla halijaona kitu kingine.

Asiyeshona kwilti, au mfarishi kama wengine wanavyouita, anaweza kushangaa kwamba utepe wa kufunika ukingo unahitaji chombo chake. Basi tupige hesabu. Kwilti ya inchi 60 kwa 72 ina mzunguko wa inchi 264. Ongeza inchi 12 za kona na za kuungia ncha, unapata 276, yaani mita saba. Mimi hukata vipande vya upana wa inchi 2.5, naviunga kwa mshono wa mshazari wa digrii 45 ili unene usirundikane mahali pamoja, kisha naukunja utepe wote katikati kwa urefu wake na kuupiga pasi. Kinachotoka ni mkanda wa mita saba wenye upana wa inchi moja na robo, unaopenda kujisokota na unaopenda sakafu kuliko kitu chochote. Ukiuacha uning'inie mezani unaokota vipande vya uzi, nywele na vumbi, na mguu ukikanyaga kanyagio la cherehani unaukanyaga nao.

(Hili nalisema pembeni kwa sababu limeniumiza. Kitambaa cha upana wa inchi 42, ukiondoa zile kingo ngumu za kiwandani, hubaki inchi 40 hivi. Kila mshono wa mshazari hula kama inchi 2.5. Vipande saba vina mishono sita: 280 toa 15, umebaki na 265, na kwilti bado inadai 276. Kata vinane. Mimi nilikata saba, nikagundua usiku, na kitambaa chenyewe kilikuwa kimekwisha.)

Kabla ya kizungushio nilipita njia zote za bure. Nilivaa utepe shingoni kama skafu. Unakaa vizuri upande mmoja, halafu sehemu ndefu inashinda ile fupi na wote unateleza mapajani kwa pamoja. Nikauweka kwenye bakuli kubwa, nikiamini kwamba ukiingia kwa mpangilio utatoka kwa mpangilio. Hautoki hivyo. Mikunjo ya juu hulala ndani ya ile ya chini, na ukivuta mmoja unakuja na wenzake watatu.

Njia ya bure iliyonifaa kweli ni lile bomba la karatasi linalobaki tishu ya chooni ikiisha. Unazungushia utepe, unapitisha kamba ndani ya tundu, unajitundika shingoni, na linazunguka lenyewe huku unashona. Unaonekana kichekesho, lakini utepe unakuja bila ubishi. Naliweka wazi mapema kwa sababu litarudi kwenye hukumu yangu.

Wapo wanaozungushia utepe kwenye mwanasesere mdogo wa mbao, utepe ukawa ndio sketi yake. Nilipewa mmoja kama zawadi na nikashona naye kwilti nzima. Kila nilipovuta utepe alianguka kifudifudi, nikamsimamisha, akaanguka tena, na alipofika upande wa nne sketi ilikuwa fupi na yeye anaviringika mezani kama mlevi. Sasa anakaa rafuni na sketi ya utepe uliobaki, na hapo anapendeza sana.

Sasa kizungushio chenyewe. Ni kitu chepesi kueleza: kitako cha mbao kizito, kijiti kilichosimama wima katikati, na juu yake kibiringo kinachozunguka. Kiini cha kibiringo kina kipenyo cha sentimita 4, na kimefungwa juu na chini kwa visahani vya sentimita 7. Hakina mpini wa kuzungushia, unazungusha kwa kidole. Kilipofika, ukingo wa kisahani cha chini ulikuwa na vibanzi vinavyonasa kitambaa. Nilikipiga msasa laini dakika kumi. Kilikuwa pia kinakwama, mbao kwa mbao, kinazunguka nusu kisha kinasita. Hili si dogo. Nilipaka nta ya mshumaa kwenye kijiti, nikakizungusha mara ishirini, na tangu hapo kinateleza.

Kusita huko kunadhuru kwa sababu utepe unapovutwa wakati sindano inapita, unashonwa ukiwa umerefuka. Ukitoka chini ya mguu wa cherehani, kile chuma kidogo kinachobana kitambaa penye sindano, unarudi kwenye urefu wake na kuivuta kwilti ijikunje ukingoni, kama kofia iliyofungwa kamba. Utepe uliokatwa sambamba na nyuzi za kitambaa husamehe kidogo. Uliokatwa mshazari, ambao ndio unaohitajika kwilti ikiwa na kingo za mviringo, hausamehi hata kidogo, maana mshazari ndio mwelekeo ambao kitambaa hunyooka zaidi. Kwa utepe wa namna hiyo hata kizungushio kilichopakwa nta hakinitoshi. Nafungua kama mita moja, naiacha ilegee mapajani, nashona, nafungua nyingine. Nilijifunza hivyo kwenye kwilti ya duara ambayo haikukubali kulala chini hata nilipoilowesha na kuibandika kwa pini.

Kiini cha sentimita 4 nimekipenda. Nilishawahi kuzungushia utepe kwenye penseli, na baada ya wiki mbili zile sehemu za ndani zilitoka zimejipinda kama maganda ya mbao yanayotoka kwenye randa, ikabidi nizipige pasi upya. Kwenye kiini kinene mpindo ni mdogo, na mgandamizo wa mguu wa cherehani unautuliza. Ila usizungushe utepe ukiwa bado una joto na unyevu wa pasi. Uache utandazwe mpaka upoe, la sivyo umbo la kibiringo ndilo litakalokaa kwenye kitambaa.

Kasoro yake kubwa ni vile visahani. Mita saba za utepe wa pamba uliokunjwa mara mbili, zikizungushwa kwa kubana kiasi kwenye kiini cha sentimita 4, hufanya bunda la kipenyo cha sentimita 8 hivi. Kisahani ni sentimita 7. Hesabu hiyo aliyekitengeneza hakuipiga. Mita nne za kwanza zinakaa sawasawa, na kwa kwilti ya mtoto mchanga huna la kulalamika. Zaidi ya hapo utepe unapanda juu ya ukingo wa kisahani, unaporomoka, unajiviringisha kwenye kijiti chini ya kibiringo, na unasimamisha kila kitu. Kwilti zangu tano kati ya tisa zimefanya hivyo. Nilimwandikia muuzaji, akanijibu kwamba nibane zaidi ninapozungusha. Nikabana zaidi. Ulimwagika vilevile, na safari hii ukiwa na mikunjo.

Jambo la pili nililolizoea badala ya kulipenda ni kwamba kibiringo kimesimama wima, kwa hiyo utepe unatoka ukiwa umesimama kwa ukingo wake na lazima ulale bapa kabla haujafika kwenye sindano. Kizungushio kikiwa mbali, kwa urefu wa mkono, utepe unageuka wenyewe njiani. Ukikisogeza karibu na cherehani hauna nafasi ya kugeuka, unaingia chini ya mguu umejikunja. Basi kiko kushoto kwangu, kwenye kiti cha pili, chini kidogo ya meza. Sehemu ndogo ya kazi haina nafasi hiyo.

Lakini kuna faida ambayo sikuitarajia, na ndiyo inayonifanya nisikigawe. Kabla ya kushona utepe inafaa uupitishe kuzunguka kwilti yote uone kama kuna mshono utakaoangukia kwenye kona. Mshono wa kuunga ukikutana na mkunjo wa kona, unapata donge ambalo halikunjiki kwa uzuri hata ulibembeleze vipi. Kila mshonaji analijua hili, na kwa kusema kweli mimi zamani nililiruka kila mara, kwa sababu kupitisha mita saba za utepe uliorundikana ni adhabu. Sasa nakichomoa kibiringo kwenye kijiti, nakiviringisha ukingoni mwa kwilti kama anayesukuma tairi, na dakika tatu baadaye najua. Nikiona mshono unaangukia kwenye kona nasogeza mahali pa kuanzia kwa kiganja kimoja, basi. Kuzungusha upya kwa kidole kunachosha, nakubali, ila tangu nianze hivyo sijapata kona yenye donge.

Na mwishoni, unapofika mahali pa kuunga ncha mbili, utepe uliobaki unakaa kwenye kibiringo badala ya kukatwa mapema kwa hofu kwamba unasumbua. Mimi huacha inchi 10 huru mwanzoni, nazibana kwa kibanio zisiingie chini ya sindano, na nikirudi nalaza ncha moja juu ya nyingine na kukata pale zinapopishana kwa upana ule ule wa utepe kabla haujakunjwa, yaani inchi 2.5. Ukikata mapema ukakosa nusu inchi, hakuna dua ya kukusaidia.

Kama chombo cha kuhifadhia, kizungushio hiki hakifai, na tangazo lake linadai kinafaa. Mimi hutengeneza utepe siku ile ile ninayomaliza kuunganisha uso wa kwilti, kwa sababu nikichelewa kitambaa kile kitaishia kwenye kazi nyingine. Kwa hiyo kila wakati nina tepe nne au tano zinazosubiri, wakati mwingine miezi. Nani atanunua vizungushio vitano? Hapo lile bomba la karatasi linashinda wazi. Nalivisha kipande cha kitambaa cheupe cha pamba kwanza, maana kadibodi ya kawaida ina asidi na ikikaa muda mrefu huacha umanjano kwenye kitambaa. Nazungushia utepe, nafunga kwa kamba ya kitambaa, naandika kwenye kikaratasi: urefu, upana, na kwilti yake. Siku ya kushona nahamishia kwenye kibiringo.

Usifunge kwa mpira. Mpira huacha alama, na ukizeeka unakuwa kama gundi, unang'ang'ania uzi. Pini nazo hushika kutu. Na usiweke mabunda rafuni mbele ya dirisha ili yapendeze: langu moja la buluu lilipauka tabaka la nje tu, nikagundua nilipofika nusu ya kwilti kwamba upande mmoja una buluu mbili. Kama unatumia wanga kuukaza utepe, usiuhifadhi nao, kwa kuwa wadudu wadogo wanaopenda karatasi na gundi ya vitabu wanaupenda wanga vilevile.

Kuhusu kuandika upana, msicheke. Kuna wanaokata inchi 2.5 na wanaokata 2.25, na mimi nimekuwa wote wawili. Ukishakunja, tofauti ni moja ya nane ya inchi, jicho halioni. Niliunga mabaki mawili ya rangi moja kutoka mabomba mawili yasiyo na kikaratasi, nikashona, na nilipoanza kuukunjia utepe nyuma kwa mkono, upande mmoja ulifunika mshono vizuri na upande wa pili mshono ukabaki unachungulia.

Kwa hiyo anayeshona kwilti moja au mbili kwa mwaka nisingemwambia anunue. Bomba la tishu na kamba shingoni vitamfikisha. Anayeshona mara kwa mara, mwenye nafasi kushoto mwa cherehani, na asiyeona uvivu kupiga msasa na kupaka nta kitu alichokilipia, anunue kimoja, kisha akitumie kwa kushonea tu.

Changu nimekirekebisha. Nimekata visahani viwili vya kadibodi ngumu, kipenyo sentimita 10, nikavitoboa katikati na kuvipachika upande wa ndani wa vile vya mbao. Kimoja hakikukaa katikati sawasawa, kwa hiyo kibiringo kinayumba kikizunguka, na mwanangu anasema kinafanana na sahani iliyochoka. Nimeshona nacho kwilti mbili, zote za mita saba na zaidi, na utepe haujamwagika.