Mgomba wa Japani na wenzake: mimea ipi ya sura ya kitropiki inastahili nafasi bustanini

Lebo ya mmea huandikwa na anayeuza. Ukisoma kwamba mgomba wa Japani (Musa basjoo) unastahimili baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, hujadanganywa, ila hujaambiwa yote. Kinachostahimili ni tunguu lililofukiwa ardhini chini ya matandazo mazito. Majani, ambayo ndiyo mnunuzi anayoyalipia, huwa meusi asubuhi ya jalidi ya kwanza. Kwa hiyo kila mmea hapa umepimwa kwa maswali mawili: majani yake yatasimama miezi mingapi kwa mwaka, na kuyarudisha kunataka kazi kiasi gani.

Namba za kanda za baridi nazo zisomwe kwa tahadhari. Ramani ya USDA, yaani Wizara ya Kilimo ya Marekani, inayonukuliwa hata nje ya nchi hiyo, ina kanda 13 zinazopishana kwa nyuzi 5.6, na kipimo chake ni wastani wa usiku wa baridi kuliko zote wa kila mwaka. Toleo la 2023 limetumia vipimo vya mwaka 1991 hadi 2020. Wastani una maana kwamba ipo miaka ambayo baridi hushuka chini zaidi. Tena ramani hiyo haigusi joto la mchana, upepo, wala maji yanayotuama udongoni wakati wa baridi, na hayo maji ndiyo muuaji mkubwa. Mtende uleule huoza katika bustani yenye mvua za baridi miezi minne mfululizo na kunawiri katika bustani kavu yenye jua, ingawa zote ziko kanda moja.

Mgomba wa Japani (Musa basjoo)

Asili yake ni kusini mwa China, licha ya jina. Kwa bustani yenye majira ya baridi, hakuna mmea mwingine unaotoa majani makubwa kiasi hiki kwa haraka hivi. Joto likishatulia juu ya nyuzi 20, jani jipya hufunguka karibu kila wiki, na mmea uliozoea mahali pake hufika mita 3 hadi 4.

Sehemu ya kukosea huanza kwenye ununuzi. Miche midogo ya maabara, ile ya kimo cha kidole, ni rahisi lakini haina tunguu la kuvumilia baridi ya kwanza, hivyo italala ndani mwaka mmoja. Chipukizi lililokwisha kaa kwenye chungu cha lita 3 au zaidi, lenye shina nene kama kifundo cha mkono, linaweza kupandwa nje moja kwa moja baada ya jalidi ya mwisho. Kagua majani: ya basjoo ni ya kijani pande zote mbili. Ukiona madoa au wekundu upande wa chini, huenda umeuziwa aina nyingine, kama Musa sikkimensis, ambayo ni nzuri pia lakini uvumilivu wake wa baridi ni mdogo zaidi.

Chimba shimo la upana wa sentimita 60 na kina cha 40, changanya udongo na mboji theluthi moja, kisha panda sentimita 5 hadi 10 chini ya usawa wa chungu ili tunguu likae ndani zaidi. Acha mita 1.5 hadi jirani. Wakati wa joto kali mmea mkubwa hunywa lita 10 hadi 20 kila baada ya siku mbili, na ukiunyima huonyesha kwa kukunja majani katikati. Mbolea yenye naitrojeni nyingi iwekwe kila wiki mbili, lakini ikomeshwe wiki sita kabla ya jalidi inayotarajiwa, kwa sababu tishu laini zilizokua mwishoni ndizo huoza kwanza.

Kuhusu baridi, njia ni mbili. Ya kwanza ni ya uvivu: jalidi ikishachoma majani, kata shina karibu na ardhi na ufunike tunguu kwa matandazo makavu ya sentimita 20 hadi 30. Mgomba utachipuka tena, ila utaanza chini kila mwaka na kuishia mita 1.5 au 2.5. Njia ya pili huokoa shina lenyewe. Kata majani tu, zungushia wavu wa waya ukiacha sentimita 30 kila upande, jaza nyasi kavu bila kushindilia, kisha weka kifuniko juu kabisa kuzuia mvua. Pembeni paachwe wazi papumue. Anayezungushia nailoni pande zote hufunga mvuke ndani, na shina hugeuka uji kabla baridi yenyewe haijafika. Nyasi ziondolewe mara baridi kali inapopita. Zikichelewa, jani jipya huota gizani likiwa jeupe na hufa siku ya kwanza ya jua. Panya nao huipenda nyumba hii, kwa hiyo ichungulie mara moja katikati ya majira.

Matunda yasahauliwe. Yakitokea, yamejaa mbegu na nyama yake ni kidogo mno, na shina lililozaa hufa kama migomba yote.

Penye joto kavu tatizo huhamia kwenye hewa. Nyuzi zikipita 38 na upepo ukiwa mkavu, kingo za majani huungua hata udongo ukiwa na maji, na utitiri mwekundu hujaa upande wa chini. Kivuli cha alasiri kina faida kuliko maji ya ziada. Maji ya chumvichumvi hufanya kingo ziungue vilevile, na dawa ni kumwagilia kwa wingi mara moja moja ili chumvi ishuke chini ya mizizi, badala ya kunyunyiza kidogo kila siku. Na anayeishi penye joto na unyevu mwaka mzima hana sababu ya kuununua. Heliconia au Strelitzia nicolai zitampa sura hiyohiyo bila kuhangaika. Penye migomba ya chakula, mgomba wowote wa mapambo usiingizwe bila kujua ulikotoka, maana unaweza kubeba virusi vya kujikunyata kwa majani au bakteria wa mnyauko.

Ensete nyekundu (Ensete ventricosum 'Maurelii')

Kwa uzuri wa jani inaishinda basjoo. Ni jani pana, lenye damu ya mzee mgongoni, linalosimama wima badala ya kuinama. Kwa kazi, inashindwa vibaya. Haitoi machipukizi, hufa mizizi na yote ardhi ikiganda, na ina mlango mmoja tu wa kuota.

Penye baridi lazima ing'olewe kabla ya jalidi nzito. Bakiza bonge la mizizi la sentimita 25 hivi, kata majani yote ila lile changa la katikati, kisha ugeuze mmea kichwa chini siku chache. Hatua hii watu wengi huiruka, na ndiyo inayoamua. Maji yaliyobaki kati ya magamba ya shina huozesha moyo wa mmea polepole, na mwenye mmea hugundua miezi mitatu baadaye akisikia harufu. Baada ya kukauka, usimamishe kwenye chungu chenye udongo karibu mkavu, mahali pasipoganda, nyuzi 5 hadi 10, na usiumwagilie mpaka dalili za ukuaji zirudi.

Katika nyanda za juu za tropiki, penye usiku wa baridi lakini bila jalidi, ensete iko nyumbani na haihitaji lolote kati ya hayo. Ethiopia hulimwa kama chakula. Huko adui ni mnyauko wa bakteria, uliotambuliwa kwanza kwenye ensete ya Ethiopia. Osha panga kwa dawa ya klorini kabla ya kuhamia mmea mwingine.

Mbegu za ensete ya kijani huota, bila haraka, kwa wiki au miezi. Mbegu zinazouzwa kuwa za 'Maurelii' hazitoi wekundu wa kutegemewa. Mmea huo huzalishwa maabara. Na picha za mgomba wenye ndizi za bluu angavu zinazosambazwa na wauza mbegu mtandaoni ni rangi ya kompyuta.

Mtende wa China (Trachycarpus fortunei)

Ukiwa na pesa ya mmea mmoja tu, nunua huu. Majani yake hayalali. Umevumilia nyuzi 12 chini ya sifuri na zaidi katika udongo unaopitisha maji, na umekuwa katika bustani za Ulaya tangu karne ya 19. Robert Fortune, mkusanya mimea wa Kiskoti ambaye jina lake limebaki kwenye mmea, aliutoa China.

Ila usinunue kwa urefu. Mitende mikubwa iliyong'olewa shambani na kuuzwa na bonge dogo la mizizi hukaa miaka miwili bila kusogea, na mingine haiamki. Mmea mfupi uliokulia kwenye chungu huanza kazi msimu huohuo, na ukishashika huongeza sentimita 20 hadi 30 kwa mwaka. Shingo ya shina ibaki usawa uleule wa chungu, ukiizamisha, inaoza. Kwenye udongo wa mfinyanzi, inua tuta la sentimita 30 lenye changarawe. Kuchimba shimo na kulijaza mchanga katikati ya mfinyanzi ni kujenga bwawa.

Mwisho wa baridi, vuta kidogo jani changa la katikati ambalo halijafunguka. Likibaki imara, mmea ni mzima. Likichomoka mkononi, moyo umeoza: ondoa kilicho laini, acha pakauke, mimina dawa ya kuvu yenye shaba kwenye tundu na ukinge mvua. Mara nyingi jani jipya, lenye kasoro, huonekana baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo usiukate mapema.

Penye upepo mkali majani huchanika na kuning'inia. Trachycarpus wagnerianus, wenye majani madogo na magumu, hubaki nadhifu, nao unavumilia baridi vilevile. Pwani za joto zenye usiku wa fukuto haupendi kabisa: hudumaa na kubadilika manjano, na mtende wa kienyeji utaupita.

Wa kujazia

Fatsia japonica ndio mmea unaodharauliwa kuliko wote katika orodha hii. Hukubali kivuli cha ukuta, huvumilia karibu nyuzi 10 chini ya sifuri, na majani yake yaliyogawanyika kama vidole hubaki ya kijani mwaka mzima. Asubuhi ya jalidi hulegea mpaka utadhani umekufa, mchana husimama. Jua kali ndilo humkwaza, na majani hupauka.

Kana ni rahisi na hutoa maua, lakini kabla ya kulipa tazama majani. Mistari ya manjano inayofuata mishipa, au madoa yasiyo na mpangilio, ni virusi, na virusi havina dawa. Tunguu liwe gumu na lenye macho mawili au matatu. Lipande kina cha sentimita 8 hadi 10. Penye baridi, lichimbwe jalidi ikishachoma majani, lihifadhiwe kwenye mchanga wenye unyevu mdogo kwa nyuzi 5 hadi 10. Likikauka kabisa hufa sawasawa na likiloa.

Magimbi ya majani meusi (Colocasia esculenta) hutaka maji miguuni na joto. Katika nchi za joto yasipandwe karibu na kijito, kwa sababu huenea na mkondo hayakamatiki. Utomvu huwasha, vaa glavu.

Tetrapanax papyrifer huvutia kwa majani ya upana wa mwavuli, kisha huchipuka mita kadhaa kutoka ulipoupanda, hata katikati ya nyasi. Vumbi la nywele zake hukera koo, hivyo funika pua unapoukata. Kwa bustani ndogo, hapana. Cycas revoluta ni mzuri na mtulivu, ila ni sumu kwa mbwa, mbegu zikiwa mbaya kuliko sehemu nyingine.

Kangaga-mti (Dicksonia antarctica)

Hapa unalipia miaka. Shina huongezeka sentimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo lenye urefu wa mita moja limekuwa likikua kwa miongo. Linatoka kusini mashariki mwa Australia, na yale yaliyovunwa Tasmania kihalali hufungwa lebo rasmi. Bila lebo, muulize muuzaji.

Mara nyingi huuzwa likiwa limekatwa chini, bila mizizi, na hilo si kasoro, kwa sababu sehemu kubwa ya shina hilo ni mizizi iliyosokotana. Fukia sentimita 10 hadi 15 tu, lisimame. Ukizika zaidi unapoteza ulicholipia. Maji yamwagwe juu, kwenye taji, yateremke kwenye shina lote, kila siku katika miezi ya joto ya mwaka wa kwanza. Anayemwagilia ardhini peke yake analinyima shina maji. Baridi ikikaribia nyuzi 5 chini ya sifuri, jaza nyasi kavu ndani ya taji na ukunje majani juu yake; penye joto kavu, usilinunue hata kwa bei ya kutupa.

Shina lililopandwa hivi karibuni linaweza kukaa miezi mingi bila jani. Sukuma vidole katikati ya taji: ukikuta vifundo vigumu vyenye manyoya ya kahawia, endelea kumwagilia. Vikiwa laini na vyenye harufu, dai pesa yako.