Duka la wanyama huku Nyali: samaki sawa, mjusi wa sumu hapana

Samaki wao wazima kabisa, tangi safi, na kijana wa pale ana adabu, hapo sina neno. Lakini nilipouliza mijusi akanambia ataniletea Gila, yule wa sumu wa jangwa la Marekani na Mexico, eti "lipa nusu tu ndugu yangu, makaratasi baadaye". Wallahi nlishtuka. Huyo mjusi Arizona wamemlinda kisheria tangu 1952, yuko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, na hapa kwetu sheria ya wanyamapori ya 2013 yataka kibali kwanza, KWS, lile shirika la wanyamapori la Kenya, wajue, sio mpaka ashafika. Na sumu yake haina antivenomu, yaani dawa ya kuizuia, sasa akikuuma na watoto wamo ndani je? Nawapa nyota mbili, zote za samaki.