Makumbusho ya bandari ya London: sitoki Sailortown!

Haya wapenzi watazamaji, mambo? Leo nipo West India Quay, ndani ya London Museum Docklands. Kiingilio bure. Narudia kwa wale mnaoruka video: bure!

Naanza na lawama. Makumbusho ya bandari, nikajua nitapanda staha, nishike usukani, mnipige picha. Meli yenyewe hamna! Hapo Cutty Sark, ile meli ya zamani ya Greenwich, imewashinda, ila kule unalipa, na si kidogo.

Unapanda ghorofa ya tatu, kisha unashuka karne kwa karne. Kumbi za mwanzo nimezipita mbio, mtaniwia radhi. Lakini hapa... ngojeni nizime taa ya kamera. Mnaona kitu? Hamwoni, ndiyo raha yake! Panaitwa Sailortown, vichochoro vya mabaharia wa mtaa wa Wapping karne ya 19, vimejengwa upya humu humu ndani. Mtu wa Mji Mkongwe hapa hapotei. Nanyamaza kidogo, sikilizeni... Mmesikia walevi? Ni spika tu, lakini mara ya kwanza nilishika mfuko wenye simu! Hiki kilabu cha pombe. Hili duka la wanyama wa porini: baharia anashuka na kasuku wake, anauza hapa, hela anailewea pale. Nimezunguka mara nne, hii ya tano. Wallahi hata maikrofoni mpya niliyowaahidi nimeinunua kwa ajili ya sauti hizi.

Haya, mlioomba dari kwenye maoni, dari hii. Mbao hizi ni za ghala la kweli, la 1802, lililowekewa sukari iliyolimwa na watumwa wa Karibi. Hawafichi, kuna ukumbi mzima wa habari hizo. Hapo nje ilisimama sanamu ya Robert Milligan, mwenye watumwa aliyepigania gati hizi zijengwe. Waliing'oa Juni 2020. Na sisi tumo: pembe za ndovu kutoka Zanzibar zilishushwa London, nyingine zikaishia kwenye piano za watu.

Sasa sehemu ya mwisho imeniudhi kidogo. Kontena zikaja, meli kubwa zikaishia bandari ya Tilbury, gati hizi zikafungwa 1980, makuli wakabaki mikono mitupu. Mwaka uliofuata serikali ikaunda shirika la LDDC kuuendeleza ufukwe. Wakazi walipinga, wakapanda mashua mpaka Bungeni! Kisa kitamu hivyo, mimi ningekipa ghorofa nzima. Badala yake unatoka mlangoni, unakutana na minara ya ofisi ya Canary Wharf, na kahawa ya bei ya kukuliza.

Nawapa nane kwa kumi. Ingekuwa saba, Sailortown imeongeza moja. Tumebakisha watu mia nne tufike elfu kumi, bonyeza kengele. Mimi nateremka bustani ya Island Gardens, kuna njia ya miguu ya 1902 inapita chini ya mto mpaka Greenwich. Cutty Sark, leteni hiyo bei yenu.