Huduma ya Kujitolea ya Wastaafu wa Lamu: Inamfaa Nani, na Inapungukiwa Wapi

Katika mtaa wa Langoni mjini Lamu kuna chama cha wastaafu ambacho, kila asubuhi ya siku za kazi isipokuwa Ijumaa, hufungua chumba cha chini cha nyumba ya mmoja wao na kuwahudumia wazee wenzao bila ya malipo. Wanachama wake ni walimu, wauguzi, makarani na maafisa wa idara mbalimbali za serikali, na takriban wote wanaishi kwa pensheni. Jina la chama silitaji kwa kuwa wenyewe hawapendi kutangazwa. Aliyeko Lamu ameshakijua, na aliye mbali atamuuliza jamaa yake. Ninawaandikia hasa walio Mombasa, Nairobi au Uarabuni wenye wazazi hapa Amu, yaani Lamu, ambao kila mara hupigiwa simu kuhusu fomu isiyoeleweka au ujumbe usiojulikana umetoka wapi, na ambao hujiuliza kama watu hawa wanaweza kuaminiwa katika mambo ya kitambulisho na pesa. Kwa maoni yangu wanaweza kuaminiwa kwa yale waliyoyafanyia kazi maisha yao yote. Nje ya hayo, ni heri mtu awe na tahadhari.

Kazi yao kubwa ni fomu. Bima ya zamani ya hospitali, NHIF, ilipoondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, tarehe 1 Oktoba 2024, kila mtu alitakiwa ajisajili upya, awe aliwahi kuchangia au hakuwahi. Mpango wa serikali wa Inua Jamii nao huwapa wazee waliofikisha miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, na kuna wazee wenye umri huo ambao hawajaandikishwa au hawajui wamekwama wapi. Karibu mambo yote hayo sasa yanapitia kwenye simu, ilhali simu ya mzee wa kawaida ni kabambe, simu ndogo ya vitufe, aliyonunuliwa na mtoto wake, ambayo yeye huitumia kupokea na kupiga tu.

Mama yangu alisajiliwa kwanza katika kibanda kimoja cha intaneti, kwa malipo, na kijana aliyemhudumia akaandika namba yake mwenyewe ya simu mahali palipotakiwa namba ya mama, pengine kwa sababu alikuwa na haraka ya kummaliza na kumwita mwingine. Hatukulijua jambo hilo mpaka mama alipohitaji matibabu na ujumbe wa uthibitisho ukawa unakwenda kwenye simu ya mtu asiyemfahamu. Karani mstaafu tuliyemkuta Langoni, ambaye enzi zake alikuwa akitunza rekodi za wafanyakazi, hakumlaumu mtu wala hakutupa ahadi. Aliomba kitambulisho, akanakili namba na tarehe kwenye daftari, akapiga simu mbili tatu huku ametuwekea mkono hewani tunyamaze, kisha akaeleza kwamba jambo lile halingetengenezeka pale mezani, bali lilimtaka mama aende mwenyewe kwa afisa wa usajili hospitalini na atoe alama za vidole. Nilidhani maelezo hayo ndiyo mwisho wa msaada wake. Alivaa kofia yake, akamwambia mwenzake ashike meza, akatoka na sisi, akakaa kwenye foleni pamoja na mama mpaka zamu yake ikafika.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu ndilo linaloitofautisha huduma hii na ile ya kulipia. Kijana wa kibandani hulipwa kwa kila fomu, kwa hiyo faida yake iko katika wingi wa watu. Mstaafu hana wa kumharakisha, na aliyefanya kazi ya ofisi kwa miaka thelathini anajua kwamba fomu iliyojazwa haimaanishi jambo limekwisha. Huuliza iliyopelekwa imefika wapi, nani ameipokea, na risiti iko wapi. Kila mzee anayehudumiwa hupewa karatasi ngumu iliyoandikwa kwa herufi kubwa kilichofanywa, tarehe yake na kinachosubiriwa, ili anapokuja mtoto wake kutoka safari asianze kuuliza upya.

Kuhusu pesa, nilichokiona kiliniridhisha. Mama alipotakiwa kubonyeza namba yake ya siri, karani aligeuza kiti chake kikaelekea ukutani. "Namba hiyo ni yako peke yako, mama," alimwambia. "Usinitajie hata mimi, na ukinisikia nakuuliza siku moja, jua si mimi." Kanuni yao ni kwamba hakuna mwanachama anayeshika simu ya mzee wakati wa malipo, na mzee asiyeweza kubonyeza mwenyewe huambiwa arudi na mtoto au mjukuu wake. Kuna wanaonung'unika kwamba ni usumbufu, na kweli ni usumbufu kwa mjane aliyeachwa peke yake nyumbani, lakini mimi naiunga mkono kanuni hiyo kwa mikono miwili.

Yako pia mambo ambayo mtu wa nje ya Lamu hangeyafikiria. Mchango wa SHA kwa asiyekuwa na mshahara hukadiriwa kwa maswali kuhusu kaya: nyumba imejengwa kwa nini, paa ni la aina gani, choo kikoje, mnapikia nini. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Sasa, mtu wa mtaa wa Mkomani anaweza kuwa anaishi katika nyumba ya mawe ya ghorofa mbili yenye zidaka na mlango wa nakshi, iliyojengwa na mababu na kumilikiwa na warithi ishirini wasioelewana, na yeye mwenyewe akawa hana hata pesa ya kununulia mafuta ya taa. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na sifa hiyo haimlipii mjane bili yoyote. Wastaafu hawa hawamfundishi mtu kusema uongo. Humsomea kila swali polepole kwa Kiswahili anachokielewa, na kumwonyesha namna ya kuomba kadirio liangaliwe upya pale linapotoka kubwa kuliko uwezo wake.

Upande wa pili wa chumba hukaa muuguzi mstaafu mwenye mashine ya kupimia presha. Ukiwahi kupimwa haraka haraka mahali pengine ukiwa umetoka kupanda ngazi, utaona tofauti. Humkalisha mtu kwanza dakika tano bila ya mazungumzo, jambo gumu kwa wanawake na wanaume wa Lamu vilevile, miguu ikiwa chini na haikupishanishwa, mkono umeegemezwa mezani usawa wa moyo, halafu hupima mara mbili. Akikuta 140 kwa 90 au zaidi hakupi dawa wala hakutishi. Anakuandikia, anakutaka urudi siku nyingine apime tena, na kama hali ni ileile anakutuma hospitalini na karatasi ya vipimo vyote ili daktari asianzie sifuri. Sukari hupima pia, lakini vijiti vya kupimia huisha mara kwa mara, na vikiisha vimekwisha mpaka mtu mmoja ajitolee kuvinunua. Anayehitaji kipimo cha sukari kwa uhakika asiitegemee meza hii.

Walimu wao huwasaidia watoto kusoma baada ya alasiri, watoto wanapotoka chuoni, yaani madrasa. Sina mengi ya kusema juu ya hilo ila kwamba linaendeshwa vizuri, na kwamba wazazi wameanza kuligeuza kuwa tuisheni ya bure ya mitihani, jambo ambalo walimu hawalitaki.

Nisiloweza kulisifu ni siku za upandaji wa mikoko. Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na ni haki wazee wa hapa wajishughulishe nayo. Lakini kazi waliyoifanya waliifanya kama watu wa ofisini: barua ya mwaliko, fulana, mgeni rasmi, picha, na safu zilizonyooka za mbegu za mkoko zilizochomekwa kwenye mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi. Kusi lilipoingia halikuacha hata safu moja. Siku ile alikuwapo mzee mmoja, shemeji wa mwanachama, aliyekuwa mkata boriti za mikoko ujanani mwake na anayeweza kukuhesabia korija, yaani miti ishirini ishirini, kwa macho na kukutenganishia kwa unene pau, mazio, boriti na nguzo huku mti ungali umesimama. Alikuwa amekaa kivulini. Nilipomuuliza alisema bila ya kelele kwamba pale si mahali pa mkoko. Mikoko ina aina zake: mkoko wenyewe unataka tope, mlilana ndio unaosimama mbele kwenye maji, mchu unavumilia mchanga na chumvi, na mkandaa uko nyuma zaidi. Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia. "Mimi si mwanachama," akajibu.

Jibu hilo limenifanya niione kasoro kubwa zaidi ya chama hiki, ambayo haimo katika huduma bali katika mlango wa kuingilia. Ili uwe mwanachama lazima uwe ulistaafu kazi ya mshahara. Mwalimu anastaafu akiwa na miaka 60, anapewa barua na anaagwa. Mvuvi, nahodha, mkata boriti na fundi wa majahazi hawapewi barua na mtu, bali siku moja magoti yanakataa na mtu anabaki nyumbani. Wanawake waliosuka makuti na kuuza mahamri miaka arubaini wakasomesha watoto wamo katika hali hiyohiyo. Hawa wote hupokelewa mezani kama wahitaji, kwa heshima kamili, lakini hawaalikwi kukaa upande wa pili wa meza. Ibara ya 57 ya Katiba ya mwaka 2010 inazungumzia haki ya wazee ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na chama kimeibandika ukutani kwa maandishi mazuri. Haikutaja pensheni.

Viongozi wa chama, nilipolizungumza nao, walijibu kwa adabu kwamba mwanachama anapaswa kulipa ada ya mwezi, na asiyekuwa na pensheni itamlemea. Sababu hiyo naielewa, ila haitoshi. Mwenye ujuzi angeweza kusamehewa ada, kama anavyosamehewa mwenye nyumba kwa kutoa chumba.

Kasoro nyingine ni ndogo na zinarekebishika. Wanawake wengi wa mtaani wangependa kuhudumiwa na mwanamke, lakini anayepatikana kila siku ni muuguzi peke yake, na akiwa anapima presha hawezi kujaza fomu. Matokeo yake wengine husubiri mpaka adhuhuri na kurudi nyumbani bila ya kuhudumiwa. Kizingiti cha nyumba ni kirefu, kama vizingiti vya nyumba nyingi za zamani, na mwenye kutembea kwa mkongojo atahitaji mtu wa kumshika. Walio Matondoni, Kipungani au upande wa Pate hawanufaiki isipokuwa wakija mjini kwa shughuli nyingine, kwa sababu nauli ya boti peke yake inaweza kumshinda mtu. Chama kimezungumza juu ya kwenda huko mara moja kwa mwezi. Sijaona safari yenyewe.

Linalonitia wasiwasi zaidi ya hayo ni kwamba mambo mengi yamo kichwani mwa karani yule mmoja. Alipougua, meza ya fomu ilifungwa, na wenzake hawakuweza kusema ni mzee gani alikuwa anasubiri nini, kwa sababu daftari lake limejaa vifupisho anavyovijua mwenyewe. Wapo vijana waliomaliza kidato cha nne wanaokaa barazani kutwa nzima, wenye wepesi wa simu ambao yeye hana, na wawili wakikaa naye kwa muda wangejifunza kazi na kumnakilia rekodi zake. Ameniambia hana subira ya kufundisha. Basi wako walimu wastaafu chumba hichohicho, wamfanyie kazi hiyo.

Kwa anayetaka kumpeleka mzazi wake: mlango hufunguliwa saa tatu asubuhi na hufungwa adhana ya adhuhuri, na wakati wa Ramadhani hufungwa mapema zaidi. Nenda na kitambulisho chenyewe, si nakala, pamoja na simu iliyosajiliwa kwa jina la mzee na yenye chaji. Kama kuna ujumbe wowote wa zamani wa usajili, usiufute. Asubuhi za mwanzo wa wiki hujaa sana. Jumatano na Alhamisi utapata nafasi ya kuzungumza. Hakuna malipo wala kisanduku cha sadaka, na ukitaka kushukuru, peleka vijiti vya kupimia sukari, ukimuuliza muuguzi kwanza ni vya aina gani, maana vya mashine moja havifai kwa nyingine.